Bomba la Kushoto

"Hicho kidude mpe mtoto akachezee! Mimi ninavyo kumi, na havijawahi kuniomba betri."

Hayo aliyasema Bwana Kumi mbele ya mafundi sitini, katikati ya ukumbi wa chuo cha ufundi, mikono juu na vidole vimetanuka, kama mtu aliyeamriwa kujisalimisha akaona ni heshima. Aliyekuwa akiambiwa ni mwuza vifaa, kijana mwenye tai fupi, aliyekuja kutangaza vipimajoto vipya vya kubana kwenye bomba. Kijana naye hakukubali yaishe. Akaagiza ndoo tatu za maji, kila moja na joto lake.

Bwana Kumi akazamisha mkono kwenye ndoo ya kwanza, akafumba macho kama anayesikiliza redio ya jirani. "Thelathini na moja." Kidude kikasema thelathini na moja. Ndoo ya pili: "Kumi na nane." Kumi na nane. Ndoo ya tatu akasema arobaini na nne, kidude kikasema arobaini na tano, ukumbi ukaguna. "Pima tena," akasema, macho bado amefumba. Kijana akapima tena. Arobaini na nne. Maji yalikuwa yamepoa wakati wakibishana, lakini hilo nani alitaka kulisikia? Makofi yalipigwa mpaka mlinzi wa getini akaja kuuliza nani kaolewa. Tangu siku hiyo akawa Bwana Kumi. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho, likitolewa mara mojamoja kama sahani za wageni.

Hiyo ni miaka kumi na moja iliyopita.

Sasa alikuwa amepiga magoti kwenye ghorofa ya tatu, katika nyumba ya bintiye, mbele ya kabati la mashine. Saa mbili asubuhi, kipupwe kimebana. Vioo vya madirisha vilikuwa vimejaa ukungu, na mwanga ulioingia ulikuwa mweupe na mvivu, kama maziwa yanayomiminwa na mtu asiye na haraka. Ndani ya kabati ilikaa pampu ya joto, ndefu kama jokofu, mpya, ambayo alikuwa ameiunga mwenyewe wiki mbili nyuma. Leo ndiyo siku ya kuikagua na kuiwasha.

Jengo lile halikuwa na moto popote. Lilikuwa na maji. Yalivutwa kutoka kisima kirefu chini ya msingi, yakapanda kwa bomba moja na kushuka kwa jingine, yakipita nyumba zote arobaini. Kila nyumba ilikuwa na pampu yake kabatini, inayochuma joto kidogo kutoka kwenye maji na kulipuliza chumbani. Maji yalipanda na uvuguvugu wa ardhini, yakashuka yamepoa. Wateja walipomuuliza, Bwana Kumi aliwaambia, "Maji ni mgeni mstaarabu. Anaingia na zawadi, anatoka mikono mitupu."

Bintiye hakuwapo. Alikuwa hospitalini, wiki ya tatu sasa, pamoja na mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Mumewe alikuwa safarini kikazi hadi mwisho wa mwezi. Asubuhi hiyo alikuwa amempigia baba yake simu.

"Baba, wameturuhusu kesho saa tano. Lakini daktari anataka chumba kiwe na digrii ishirini na nne, usiku na mchana. Isipande, isishuke. Nesi atanipitia leo saa kumi na moja jioni kuuliza kama kiko tayari. Kama bado, tunabaki wiki nyingine."

"Wiki nyingine ya kulala kwenye kiti?"

"Kiti nimekizoea, Baba. Mgongo ndio umegoma."

"Mwambie nesi hiyo ishirini na nne iko hapa, imeshavaa na viatu, inamsubiri."

Alipokata simu alikuta Waziri amesimama mlangoni. Waziri alikuwa msimamizi wa jengo na kaka wa mke wa Bwana Kumi. Jina hilo alipewa kwa sababu alitembea mikono nyuma, akikagua kwa makini vitu ambavyo asingeweza kuvitengeneza hata kwa kuapishwa. Yeye ndiye aliyempa mtoto jina la Kilo Mbili, na lilikuwa limeshika kiasi kwamba hata manesi walilitumia.

"Shemeji," akasema Waziri, "chumba cha Kilo Mbili kina digrii kumi na tano. Mle ndani hata mende wamevaa sweta."

"Mende wako, jengo lako. Nipishe mwanga."

Kazi yenyewe Bwana Kumi aliijua kama njia ya kwenda chooni kwake. Jana alikuwa ameipa mashine umeme bila kuizungusha, ili mafuta ya kompresa yapate joto taratibu. Kompresa ukiiamsha na mafuta baridi ni kama kumwamsha mzee kwa kumwagia maji, ataamka, lakini hatakusamehe. Leo akazima umeme, akafungua paneli, akakaza skrubu za nyaya mojamoja. Akaisukuma feni kwa kidole, ikazunguka bila kukwaruza. Akamimina kikombe cha maji kwenye trei ya chini, akatega sikio mpaka yakashuka yote kwenye mfereji wake. Akafungua valvu mbili za maji, ya kuleta na ya kurudisha, kisha akalegeza kizibo kidogo cha juu ili hewa itoke. Hewa ikatema, ikakohoa, ikatulia, na maji yakatoka laini kama uzi.

Akarudisha umeme. Ukutani, kwenye thamostati, akaweka ishirini na nne.

Mashine hizi haziamki papo hapo. Ukiziagiza, husubiri dakika tano, zikijipanga kimyakimya, kama bibi harusi anayejua kabisa kwamba watu wameshakaa. Bwana Kumi alizipenda dakika hizo kuliko malipo ya kazi. Zamani, mkono wake ukiwa juu ya bomba, alikuwa akiondoka. Hakuna aliyejua, hata mkewe. Mwili ulibaki umepiga magoti na yeye akaenda na maji: akapanda ghorofa ya nne, akapita nyuma ya ukuta wa mwanamke anayepiga pasi huku akisinzia, akakunja kona pale ambapo mtu anaoga na kuimba mstari mmoja tu, kwa sababu wa pili haujui, akapita penye paka aliyelala kwenye vigae vyenye joto. Alihisi uvuguvugu ukipungua chembe kwa chembe kila nyumba iliposema karibu. Mwisho alishuka, alishuka, mpaka kisimani, kwenye giza lenye utulivu ambalo ardhi inalitunza na haimwonyeshi mtu. Vidole vilimsomea jengo zima kama barua kutoka nyumbani.

Leo aliweka mkono kwenye bomba, na bomba halikusema kitu.

Ganzi ilianza kwenye gumba la kulia, mwaka juzi. Alidhani ni baridi. Kisha ikahamia kidole cha pili, cha tatu, mpaka vya mkono wa kushoto, kwa adabu, bila maumivu, kama mpangaji anayeleta vitu vyake kidogokidogo. Daktari alisema ni mishipa, miaka mingi ya spana na mashine za kutetemesha, na kwamba huenda isirudi. Bwana Kumi alimshukuru, akatoka, akakutana na mtu njiani aliyempungia na kupaza sauti, "Bwana Kumi! Vipo?" Akainua mikono yote miwili juu. "Vyote vipo!" Na kweli vilikuwepo. Havikuwepo nyumbani tu.

Hakumwambia mtu. Mwezi wa nane mwaka jana alinyanyua sufuria jikoni kwa mkono mtupu, akaitua mezani, akaendelea kusimulia habari za mpira mpaka mkewe aliposikia harufu. "Ngozi ya fundi hii," alimwambia. Mkewe akampaka dawa, akamfunga kitambaa, akanyamaza. Na mwanamke yule akinyamaza, ujue ameandika mahali.

Halafu ikaja siku ya kuunga mashine hii. Mabomba mawili yalisimama sambamba ndani ya kabati, yamevalishwa sponji nyeusi. Mishale ya kuonyesha maji yanakokwenda ilikuwa imefunikwa na mpaka rangi wa zamani, mtu aliyelipwa kwa ukubwa wa eneo, ambaye angekupaka hata wewe kama ungesimama vibaya. Michoro ya jengo ilikuwa ofisini kwa Waziri, yaani panya walikuwa wameshaila. Kwa hiyo Bwana Kumi alikata vidirisha viwili kwenye sponji, akaweka kiganja bomba la kushoto, akaweka la kulia. Akarudia. Ilikuwa kama kupiga simu kwenye nyumba ambayo watu wameshahama.

"Lipi linaleta, shemeji?" aliuliza Waziri siku ile, kutoka mlangoni.

Kipimajoto Bwana Kumi hakuwa nacho. Tangu ndoo zile tatu hakuwahi kumiliki. Angekinunuaje, na nani asimwone? Angeweza kukwangua rangi, angeweza kwenda kisimani kufuata bomba tangu mwanzo, lakini hayo ni mambo ya mtu asiyejua.

"La kushoto," alisema. Alilisema kwa uhakika kabisa, maana ganzi ilikuwa bado haijafika kwenye sauti.

Na bomba la kushoto ndilo alilolifungia hozi ya kuingizia maji.

Dakika tano ziliisha. Ndani ya kabati kukasikika mlio mdogo, kisha kompresa ikaguna na kuamka. Kutoka chumba cha pili mkewe akapaza sauti. Alikuwa huko tangu saa moja, anapima dirisha kwa ajili ya pazia. Yeye ni fundi cherehani, na utepe wa kupimia haukuwahi kumtoka shingoni hata kanisani.

"Naona inakuja, Baba! Inakuja vizuri!"

Hewa ya joto ikapita chini ya mlango kama mtu anayetembea kwa soksi. Waziri akafumba macho. Bwana Kumi naye akaanza kuelea kidogo, akimwona Kilo Mbili amelala katikati ya ile hewa, ngumi mbili ndogo kama kunde.

Dakika ya saba, mashine ikanyamaza. Taa nyekundu ikapepesa mara tatu, ikapumzika, ikapepesa mara tatu.

"Inasemaje?" akauliza Waziri.

"Inasema maji yanakaribia kuganda ndani, ikaamua kujizima kabla haijapasuka." Bwana Kumi akajifuta mdomo. "Uchafu huo. Kichujio kimeziba. Mafundi wa jengo hili walijenga kwa mchanga, naona mwingine wakauacha ndani ya mabomba."

Akafunga valvu, akafungua kichujio, akakisafisha kwa mswaki wa zamani. Hakikuwa kichafu. Kilikuwa na chembe mbili za kutu, ambazo aliziangalia kwa muda mrefu, akizisihi kimoyomoyo ziwe nyingi. Akakirudisha, akatoa hewa, akawasha.

Dakika tano nyingine.

"Shemeji, vile kumi vimekwenda likizo?" Waziri akauliza.

"Vinapumzika. Vyako vimepumzika tangu ukatwe kitovu."

Lakini alicheka peke yake, na kicheko kikaishia njiani. Safari hii hakwenda na maji. Alijikuta ukumbini, kwenye makofi yale yale, ila makofi yalikuwa hayana sauti. Ndoo tatu ziko mbele yake. Anazamisha mikono, na vidole vinamtoka kimoja kimoja, vinaelea, vinageuka samaki wadogo wenye kucha, vinazunguka ndooni vikimtazama kama watu waliokutana naye zamani na wamemsahau jina. Kijana wa tai fupi anauliza, "Digrii ngapi, Bwana Kumi?" Na ukumbi mzima unasubiri.

Kompresa ikaamka. Hewa ya joto ikapita. Dakika ya sita, safari hii. Nyekundu mara tatu.

Saa nne na nusu. Chumba kilikuwa na digrii kumi na sita. Waziri hakutania tena, na hilo ndilo lililotisha.

"Nilete hita ya umeme kutoka ofisini?"

"Daktari amekataza. Inakausha hewa, na kifua chake bado ni kama karatasi."

"Basi tumwite fundi mwing..." Waziri akaishia hapo, akajitazama viatu.

Mkewe Bwana Kumi alitokea mlangoni, pini tatu mdomoni, pazia begani. Akazitoa pini, akazichoma kwenye mkono wa sweta yake moja baada ya nyingine, taratibu, na wote wawili wakamsubiri kama watoto waliovunja kitu.

"Weka mikono kwenye mabomba," akasema.

"Nimeshaweka."

"Yanasemaje?"

Waziri akafungua mdomo, dada yake akamtazama, akaufunga.

"Baba, ile sufuria uliishika kwa mkono mtupu, ukaendelea kunisimulia goli la dakika ya themanini. Mimi si mtoto. Nilisubiri uniambie. Nikasubiri mpaka nikachoka, nikaanza kuonja uji wako kabla sijakupa."

"Nilidhani unaonja sukari."

"Nilikuwa naonja moto." Akaushika ule utepe shingoni. "Miaka arobaini nashona. Naweza kumtazama mtu akiwa ng'ambo ya barabara nikakwambia kiuno chake. Na bado napima, mara mbili, mbele ya mtu mwenyewe. Unajua kwa nini? Kitambaa hakijui sifa zangu. Kikikatwa kimekatwa."

Bwana Kumi alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono mizuri. Ilikuwa na makovu yake yote, kila moja na hadithi yake, na haikuwa na mtu ndani.

"Sihisi kitu, Mama," akasema. "Tangu mwaka juzi. Nikiweka mkono, ni kama naweka koti."

Kwenye ngazi mtu alipita na mfuko wa sokoni, akasalimia, hakuitikiwa.

"Ulipokuwa unamwogesha huyu binti yetu aliyeko wodini, akiwa mchanga," mkewe akasema, sasa kwa sauti ya chini, "mama yangu alikukatalia mkono. Alisema mkono wako ni kiatu, utamchemsha mtoto. Ulikuwa unapima maji kwa nini?"

Alikumbuka. Beseni la bluu, mvuke, taulo begani, na mama mkwe amesimama kama mwamuzi wa ndondi. "Kiwiko."

"Kiwiko hakijawahi kushika spana."

Akavua koti. Akakunja mkono wa shati mpaka juu, ngozi ya ndani ya kiwiko ikatokea, laini na changa, kama ya mtu mwingine aliyekuwa akiishi humo miaka yote bila kodi. Akapiga magoti, akakiingiza kwenye kidirisha cha sponji, kwenye bomba la kushoto.

Baridi. Baridi tulivu, ya maji yaliyokwisha kutoa kila kitu yalichokuwa nacho, sasa yakielekea kulala.

Akakihamishia kulia. Na pale, polepole, uvuguvugu ukaja, kama shavu la mtu aliyelala. Mara jengo lote likarudi. Mwanamke wa pasi alikuwepo. Mwimbaji wa mstari mmoja alikuwepo, bado hajajifunza wa pili. Paka alikuwepo. Chini kabisa kisima kilikuwa kinapumua gizani, na maji yalikuwa yanapanda, yanapanda kulia, kila siku, tangu zamani, yakiwa na zawadi mikononi. Bwana Kumi alikaa hapo, kiwiko kimebana bomba na paji la uso limeegemea ukuta, muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Hakuna aliyemharakisha.

"Nimekosea," akasema, bado anatazama ukuta. "La kulia ndilo linaleta. Nimeunga kinyume. Na siku ile uliponiuliza, shemeji, sikuwa najua. Nilibahatisha."

Waziri alikuwa ameisubiri siku hii miaka kumi na moja. Alivuta pumzi. Mikono ikakazana nyuma ya mgongo. "Wanasema majuto ni mjukuu," akasema. "Wewe umevipata vyote viwili mwezi mmoja."

Mkewe Bwana Kumi akaguna, pua ikamtoka mlio, na wote watatu wakacheka mpaka kabati likatetemeka. Waziri alipomaliza kufuta machozi alifanya jambo ambalo hakuna mpangaji aliyewahi kuliona: alitoa mikono nyuma, akainama, akashika ndoo.

Hozi ya kuingizia ina valvu ndogo yenye mshale, inayojua kupitisha maji upande mmoja tu. Ukiyaleta kwa mgongo yanapenya kwa kujibana, kama mtu mnene anayetafuta kiti chake sinema imeshaanza. Ndiyo sababu mashine ilipata maji kidogo, ikayanyonya joto mpaka karibu yagande. Bwana Kumi alifunga valvu zote, akafungua hozi, maji yakamwagika kwenye ndoo na kwenye viatu vya Waziri, akazibadilisha, akaweka washa mpya, zile pete za mpira za kuzuia maji. Alikaza kwa kutazama, siyo kwa kuhisi: alichora mstari wa kalamu kwenye nati na mwingine kwenye bomba, akazungusha mpaka mistari ikutane. Akatoa hewa. Akawasha.

Dakika tano. Walikaa sakafuni watatu, migongo ukutani, pazia limewafunika magoti. Ukungu ulikuwa umeanza kuteleza kwenye vioo. Bwana Kumi hakuondoka safari hii. Alibaki hapo hapo, kati ya mkewe na shemejiye, akisikia mmoja anakata uzi kwa meno na mwingine anakamua soksi.

Kompresa ikaamka. Dakika ya saba ikapita. Ya kumi. Ya ishirini. Saa sita na robo chumba kilikuwa na digrii kumi na tisa, na mkewe akavua sweta pamoja na pini zake.

Ilibaki kadi. Kila pampu ina kadi yake ya kuwashia, kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya mlango wa kabati. Maji yanayoingia, digrii ngapi. Maji yanayotoka, digrii ngapi. Kifaa kilichotumika kupimia. Kwa miaka kumi na moja, kwenye mstari huo wa mwisho, Bwana Kumi aliandika neno moja, *mkono*, na wateja wengine walipiga picha kabisa wakawaonyesha rafiki zao.

Alishika kalamu juu ya mstari wa kwanza. Kiwiko kilikuwa kimemwambia lipi la moto na lipi la baridi, namba hakikumpa. Angeweza kuandika ishirini na kumi na sita. Zingeweza hata kuwa kweli. Tangu mwaka juzi alikuwa ameandika kadi saba kwa namna hiyo, kwa mazoea na kwa sauti nzuri, na sasa alizihesabu moja moja: ya mwalimu wa piano, ya wale ndugu wawili wasiosemezana, ya mjane wa ghorofa ya tano, na nyingine nne. Watu saba wamelala wakiamini kalamu yake.

Akaifunga kalamu. "Natoka kidogo," akasema.

Duka lilikuwa mtaa wa tatu, kona, kati ya kinyozi na mshona viatu. Nyuma ya kaunta alikuwepo mwenye duka, yule yule mwuza vifaa wa ukumbini, si kijana tena, tai ameacha, kitambi kimechukua nafasi yake. Alimtambua mara moja. Ilionekana usoni jinsi ndoo tatu zilivyompitia.

"Bwana Kumi," akasema kwa tahadhari.

"Kile kidude cha kubana kwenye bomba. Bado unacho?"

Mwenye duka akakitoa kwenye droo, akakifuta kwa fulana. "Cha zawadi? Nikifunge?"

"Cha kazini. Na uniwekee betri za akiba."

Mwenye duka alikuwa na maneno mengi. Yalionekana yamepanga foleni. Lakini alimtazama Bwana Kumi akihangaika kuokota kidude kile juu ya kioo cha kaunta, vidole vikikikosa, vikikirudia kama ndege anayejaribu kuokota sarafu, na foleni ikatawanyika. Akazunguka kaunta, akamtilia mwenyewe mfukoni, akafunga na kifungo.

Saa tisa alasiri kadi ilikuwa imejaa. Maji yanayoingia, ishirini na nukta mbili. Maji yanayotoka, kumi na sita na nukta moja. Saa kumi na moja, nesi alipoulizia, thamostati ilikuwa imetulia kwenye ishirini na nne kwa muda wa saa nzima, na Bwana Kumi alimwambia bintiye hivyo hivyo, namba tupu, bila kuivisha viatu. Upande wa pili wa simu mtoto akapiga chafya, chafya ya kilo mbili kamili.

"Amesikia," akasema binti.

Mkewe alikuwa amekishonea kipimajoto kitanzi cha kitambaa cha pazia, akakitundika kwenye msumari ndani ya kabati, pembeni ya kadi, ambako mstari wa mwisho ulikuwa na neno jipya, *kipimajoto*. Kitabaki hapo mpaka Jumatatu, Bwana Kumi atakapokibeba kwenda kupima upya kwa mwalimu wa piano. Kibandiko cha bei cha duka kilikuwa bado mgongoni mwake, hakuna aliyekumbuka kukibandua.

Elfu nne na mia tisa.